Soja Makucha Hafi Bure

Mguu wa kulia ulikuwa bado uko juu.

Tangu Jumamosi, msomaji, umemwacha mzee wa watu amesimama kwa mguu mmoja pale studio ya Kawangware, jeneza liko wazi mbele yake, wewe ukaenda zako kunywa chai. Turudi tumshushe.

Kama gazeti lile lilikupita, shika haya machache. Phanuel Khamala ndiye Soja Makucha wa kipindi cha "Kwa Geti", yule askari wa koti refu ambaye nchi nzima humwigiza: "Simama hapo! Unatafuta nani?" Kwa miaka kumi na saba amelinda geti la mbao lililopakwa rangi ya chuma. Nyumbani kwake, mtaani Kianda, hana mlango. Mwenye nyumba, Oyoo, aliung'oa Jumapili akaondoka nao begani kwa sababu ya kodi ya miezi mitano.

Na sasa wenye kipindi wameamua Makucha afe.

"Ingia basi, mzee," Kiarie alisema. Kiarie ndiye mwenye kampuni, mwenye kamera, mwenye kila kitu isipokuwa haraka ya kulipa. "Hizi taa nakodi kwa saa."

"Pesa kwanza."

"Ukitoka."

"Umewahi kuona maiti akitoka?"

Mafundi wa taa walicheka. Kiarie alitoa bahasha ya kaki mfukoni akaipunga hewani. Juu yake palikuwa pameandikwa KHAMALA kwa wino mwekundu.

"Elfu themanini na sita. Sitini na sita ni ya vipindi kumi na moja unavyonidai. Ishirini ni ya kulala tu. Nani Kenya hii analipwa elfu ishirini kulala?"

"Wabunge," Osewe alijibu kutoka kwenye benchi.

Osewe huyu ndiye anayeigiza mpangaji asiyelipa kodi katika kipindi. Alianza siku moja na Khamala, analipwa sawa na Khamala, na anadai vipindi vilevile kumi na moja. Jana jioni walipeana mkono: hakuna atakayeingia jeneza hilo mpaka wote wawili walipwe.

"Omera, ndugu yangu, usiingie," Osewe alisema. "Kwetu mtu mwenye pumzi haingii kwa sanduku. Na kwenu Bungoma pia, usinidanganye."

Khamala hakuhitaji kukumbushwa. Asubuhi hiyo mkewe Annet alisimama pale mlango ulipokuwa, ameshika shuka waliyoitundika badala yake.

"Baba Joan," alimwambia, "sanduku likishaonja mwili wako litakuita. Ukilala humo leo, mwezi huu hutaumaliza."

"Na mlango utarudi vipi?"

"Sijui. Lakini afadhali kulala na shuka kuliko kulala mjane."

Ndiyo maana mguu ulikuwa hewani. Upande mmoja Annet, upande mwingine bahasha.

Khamala alipumua, akainamisha kichwa apime mahali pa kukanyaga. Hapo akauona msalaba. Ulikuwa umeegemezwa kwenye jeneza, rangi nyeupe bado inanata, herufi nyeusi nzuri.

PHANUEL KHAMALA. Mwaka wa kuzaliwa, wake kabisa. Tarehe ya kufa, ya leo.

Mguu ukashuka. Ukashuka nje.

"Nani ameandika hii?"

Yvonne, msichana wa vifaa, alisogea akijipangusa rangi kwenye vidole. "Ni mimi, mzee. Msalaba unataka jina mbili. Nikaangalia fomu ya malipo, ndiyo pekee iko na jina yako."

"Mimi sijafa! Anayekufa ni Makucha!"

"Sikujua Makucha ni jina tu ya kazi, mzee. Nilidhani ni ya ukoo, mtu ni yule yule."

Hebu fikiria, msomaji. Kila wiki mwisho wa kipindi huandikwa jina la mpiga picha, la dereva, hata la mama wa chapati. Yeye huandikwa "Soja Makucha" peke yake. Miaka kumi na saba, na mara ya kwanza jina lake kuandikwa vizuri kwa rangi, limeandikwa msalabani.

"Siingii," alisema.

"Mzee, usinichezee."

"Nimesema siingii. Lipa deni langu, huyo Makucha wako mzike popote."

Kiarie alirudisha bahasha mfukoni, polepole ili ionekane inavyoingia. "Soma mkataba. Jina Makucha ni la kampuni. Ulisaini mwenyewe 2008."

"Nilisaini juu ya boneti ya gari yako, mvua ikinyesha! Ukaniambia ni fomu ya chakula!"

"Saini ni saini. Ukienda harusi ukajiita Makucha, nakushtaki. Na leo sikuhitaji. Kifuniko kitafungwa, ndani naweka mawe. Mawe hayadai."

"Sawa. Weka mawe."

Khamala akaanza kwenda.

"Na koti?" Kiarie aliita.

"Koti ni langu. Nililinunua soko la Toi kwa mia nane, na hizo mia nane hujawahi kunirudishia."

Alimtazama Osewe. "Twende."

Osewe alijikuna shingo. "Tangulia, omera. Wacha nibaki nione huyu jamaa asifanye ujanja na jina lako."

Khamala akamshika bega. Rafiki ni huyo, alijiambia.

Studio ya Kiarie ina sheria moja isiyovunjwa: simu zote, isipokuwa ya Kiarie mwenyewe, hutiwa kwenye kikapu cha plastiki kabla ya saa moja asubuhi na kufunikwa blanketi, zisilie katikati ya maneno. Sasa ilikuwa karibu saa saba. Khamala alifunua blanketi akachukua yake.

Amepigiwa mara arobaini na moja.

Kabla hajamaliza kushangaa, ikalia tena mkononi. Alikuwa Nalianya, jirani yake, mwenyekiti wa chama cha mazishi pale Kianda.

"Nani ameshika simu ya marehemu?" Nalianya aliuliza kwa ukali.

"Marehemu gani?"

"Ndugu, hata kama uliiokota, kuwa na utu. Irudishe kwa familia."

"Nalianya, ni mimi. Khamala."

"Khamala tunamlilia hapa."

"Mnamlilia kwa nini?"

"Kwa sababu amekufa! Kwani wewe ni mgonjwa? Tumeona msalaba wake tangu asubuhi, picha iko kwa kila simu. Na mkubwa wake tukampigia, akatuambia poleni."

"Aliwaambia nini?"

"Poleni. Sasa mchango umefika elfu tisini na nne, na wewe mwizi wa simu hutaonja hata shilingi. Shetani!"

Akakata.

Khamala alimgeukia Yvonne. Yvonne alikuwa ameinama akikwaruza rangi kwenye ukucha.

"Uliweka hiyo picha kwa simu?"

"Saa kumi na mbili na nusu, mzee. Msalaba ulikuwa umetoka poa, nikataka watu waone kazi yangu."

Akamgeukia Kiarie. "Na wewe ukawaambia poleni."

Kiarie hakukana. Ndiyo ubaya wa mtu kama huyu, hata aibu ya kudanganya hana. "Walipiga wakilia. Ningefanya nini? Ijumaa kipindi kinaenda hewani. Mtu aliyelia Jumanne, Ijumaa lazima atazame."

"Bibi yangu pia umemwambia poleni?"

"Mzee, sikia." Kiarie alishusha sauti, akamshika koti kifuani. "Kaa chini ya maji mpaka Ijumaa. Nakuongeza elfu thelathini. Ni siku tatu tu. Kuna Mtu aliwahi kufa siku tatu na hakulipwa chochote."

Khamala alimwangusha juu ya viti vya waigizaji. Akatoka.

Alimpigia Annet. Haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Kichwani alisikia maneno ya asubuhi: sanduku litakuita. Annet alijua mumewe ameenda kwa jeneza, halafu akaonyeshwa msalaba. Kwa mama yule hakukuwa na la kuuliza. Alikuwa ameonya, na imetokea.

Stejini alisimamisha pikipiki.

"Kianda. Haraka."

"Mia tatu, mzee."

"Kila siku ni mia na hamsini!"

Kijana wa boda alimtazama vizuri, macho yakamtoka. "Si wewe ni Soja Makucha? Nimeskia umededi!"

"Bado."

"Basi mia tatu. Watu wa TV mko na doo."

Huo ndio wimbo alioimbiwa miaka kumi na saba. Fundi viatu, bei mara mbili, uko TV. Kinyozi, bei mara mbili, uko TV. Oyoo alimwona kwenye tangazo la sabuni, tangazo lililomlipa Khamala elfu kumi mara moja tu, akapandisha kodi kutoka elfu nne hadi elfu saba. Kanisani huitwa mbele kila harambee, "mgeni wetu wa heshima", na mgeni wa heshima hatoi mia mbili.

Juu ya pikipiki, upepo ukimpiga, alifanya hesabu ambayo hakutaka kuifanya. Elfu tisini na nne kwa asubuhi moja. Tangu aanze kazi, pesa nyingi kuliko zote alizowahi kushika pamoja ni elfu sabini na nane, na zilichelewa miezi sita. Vipindi vinarudiwa Pasaka na Krismasi, halipwi. Watu wanavitazama kwa simu mpaka Dubai, halipwi. Na majirani hawa, ambao akiwa hai hawakumpa hata kibiriti, wamemchangia akiwa maiti.

"Wajinga," alisema kwa sauti.

"Nani, mimi?" kijana wa boda aliuliza.

"Endesha."

Alishukia kwa muuza makaa, hatua thelathini kutoka kwake. Alisikia kwaya kabla ya kuona kitu. Kisha akaona turubai limefungwa kutoka paa hadi paa, viti vya plastiki, sufuria mbili mekoni, watu wanaokaribia mia mbili. Kwenye kijia cha kuingilia kulikuwa na meza, na Amondi muuza samaki amekaa nayo, daftari mbele yake, anaandika majina ya wanaochanga.

Lakini kilichomsimamisha Khamala hakikuwa watu. Kilikuwa mlango.

Mlango wake! Ulikuwa umerudi! Bawaba ya chini ilishashika, na Oyoo mwenyewe, tumbo na shati la Jumapili, alikuwa juu ya stuli akipigilia ya juu.

"Msiba hauwezi kukaa kwa nyumba haina mlango," Oyoo alikuwa akiwaambia watu, misumari mdomoni. "Nitaonekana mtu wa aina gani? Na deni ya marehemu nimefuta. Miezi yote tano. Elfu thelathini na tano! Mungu ni shahidi, na nyinyi pia mmeskia."

"Tumeskia!" watu walijibu, wengine wakapiga makofi.

Khamala alijificha nyuma ya magunia ya makaa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakauma. Mtu huyu alimwona analala bila mlango siku mbili na akapita akipiga mluzi.

Kisha akamwona Annet.

Alikuwa ameketi kwenye godoro mbele ya nyumba, leso kichwani, macho yamevimba. Akainua uso. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya kwaya.

Annet aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakatikisika. Wanawake wawili wakamshika wakidhani anazidiwa. Khamala akapiga hatua kutoka nyuma ya magunia.

Annet akamtazama Oyoo. Akatazama bawaba ya juu. Ilikuwa na msumari mmoja.

Akamgeukia mumewe, na palepale machozi yakimtiririka, akatikisa kichwa. Kiganja chake kikashuka chini mara mbili, taratibu, kama anayemkalisha mtoto.

Ngoja.

Khamala hakuamini. Mwanamke aliyemkataza kufa asubuhi sasa anamwambia aendelee kidogo.

Akarudi nyuma ya makaa. Msumari wa pili. Msumari wa tatu.

Ndipo honi ikalia.

Pikapu ilisukuma watu ikaingia mpaka karibu na turubai. Mbele, Kiarie. Nyuma, mpiga picha na kamera begani, Yvonne na msalaba, na katikati yao jeneza lililofungwa.

"Poleni sana!" Kiarie alisema kwa kipaza sauti. "Tumemleta ndugu yetu. Lieni tu kawaida, msitazame kamera."

Watu wakalia. Ni watu wema, wangefanya nini?

Khamala alielewa yote mara moja. Kiarie alikuwa anarekodi kipindi! Studioni, mtu wa kulia machozi hulipwa mia tatu. Hapa amepata mia mbili, wenye machozi ya kweli, bila hata soda. Kifo cha Makucha atakiuza nchi nzima, na mwenye kufa hajalipwa vipindi kumi na moja.

Wanaume wanne walishusha sanduku. "Huyu mzee alikuwa mzito hivi?" mmoja alinong'ona.

"Fungueni," Nalianya aliamuru. "Mjane amwone."

"Haifunguliwi!" Kiarie alisema upesi. "Daktari amekataza."

"Daktari gani?"

"Wa... wa hospitali."

"Hospitali gani? Hapa tunazika watu kila mwezi, usitufunze matanga. Fungua!"

Kule mlangoni, Oyoo alipiga msumari wa mwisho. Akashuka kwenye stuli. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Imeshika," alisema.

Annet akamtazama mumewe, akaitikia kwa kichwa: sasa.

Khamala alifunga vifungo vyote vya koti mpaka shingoni, akatoka nyuma ya makaa, akatembea hadi mezani.

Amondi hakuinua kichwa. Tangu asubuhi alikuwa akimpokea kila mtu kwa maneno yaleyale, kwa heshima ya marehemu.

"Simama hapo! Unatafuta nani?"

"Namtafuta huyo aliye ndani ya sanduku," Khamala alisema. "Amevaa jina langu."

Kalamu ikamdondoka Amondi. Alitazama koti, akatazama uso, akapiga yowe lililosikika mpaka mtaa wa Olympic.

Viti vikaruka. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Mwenye sauti ya besi alikuwa wa kwanza kukimbia. Nalianya alipiga magoti, akainuka, akapiga tena, hakujua lipi linafaa.

"Nalianya," Khamala alisema, "mimi ndiye yule mwizi wa simu."

Oyoo peke yake ndiye aliyepata akili haraka. Alimtazama Khamala, akautazama mlango, akaokota nyundo.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Kama yeye yuko hai, deni pia iko hai."

Annet alishainuka. Alikaa chini tena, safari hii mgongo umeegemea mlango, miguu ameinyoosha.

"Umefuta mbele ya Mungu na watu mia mbili," alimwambia. "Guza hii mlango uone."

Oyoo akatafuta uso wa kumuunga mkono. Hakuuona.

Khamala alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza. Kamera ilimfuata. Aliisukuma kwa kiganja.

"Fungua, Kiarie. Waonyeshe mawe yako."

Kiarie alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Mzee, tuongee pembeni."

"Nimeongea pembeni miaka kumi na saba."

"Nakupa elfu hamsini."

"Fungua."

"Sitini! Mzee, tafadhali, si hapa, si mbele ya hawa watu!"

Khamala alishangaa. Elfu sitini ili watu wasione mawe? Tangu lini Kiarie ametoa hata mia ya bure? Na kwa nini jasho linamtiririka namna ile?

Ko. Ko. Ko.

Watu walirudi nyuma wote.

Ko. Ko.

Ilitoka ndani ya sanduku. Mawe hayabishi hodi.

Khamala alishika kifuniko kwa mikono miwili akakivuta. Misumari haikuwepo, kilikuwa kimeegeshwa tu. Ndani, mtu alivuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji, akashika kingo, akaketi.

Alikuwa Osewe.

Hakumtazama rafiki yake. Alitazama magoti yake mwenyewe, jasho likidondoka kutoka kidevuni.

"Omera," alisema kwa sauti ndogo. "Sikia kwanza."

Khamala hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Osewe, na kwenye bahasha ya kaki iliyobanwa kifuani, ambayo juu yake, kwa wino mwekundu, jina lilikuwa moja tu: KHAMALA.